Memori Isiyopumua

Filda alipokuja studio mara ya kwanza, Hortense alimdhania mteja wa picha za pasipoti. Alikuwa mwanamke mrefu, kajifunga kitambaa shingoni na joto lote lile la Februari, na alisimama mlangoni akiwa ameshika fremu ya mlango kwa mkono mmoja kama aliyepanda kilima kwa mbio.

"Nyinyi ndio mnatengeneza filamu?" akauliza. Sauti yake ilikwaruza.

"Ndiyo, mama. Harusi, ubatizo, mazishi. Karibu ukae."

"Yangu si harusi. Na mazishi bado."

Hortense alicheka kwa adabu, akidhani ni utani. Hakujua bado kwamba Filda hakuwa mtu wa utani.

Studio ilikuwa chumba kimoja cha paa la bati huko Mengo, Kampala, kwenye barabara inayoteremka kutoka ukuta wa Lubiri, kasri la Kabaka. Upande mmoja palitundikwa kitambaa cha kupigia picha. Upande wa pili ilikuwa meza ya kompyuta, na hapo ndipo mdogo wake Hortense, Dady, alipokaa kutwa nzima akikata na kuunga video. Ndugu hao wawili walikimbia kutoka Butembo, Kongo, pamoja na wakaianza kazi hii pamoja. Hortense alishika kamera na kuongea na wateja. Dady alishika mashine.

Filda alieleza shida yake kwa Kiswahili cha kambini, kikavu, kisicho na mapambo. Alizaliwa katika kambi ya polisi, akaolewa na polisi aitwaye Okot, na Kiswahili ndicho alichoongea na majirani tangu utotoni. Nyumbani walisema Kiacholi. Alikuwa na uvimbe kooni. Madaktari walikuwa wamempa siku ya kupasuliwa, na walimwambia wazi kwamba wakikata uvimbe, sauti itakwenda nao.

"Nina binti. Lamwaka. Yuko darasa la tatu," akasema. "Kuna maneno mama anamwambia binti yake akivunja ungo. Kuna mengine anamwambia akiolewa, na mengine akizaa. Sasa hivi ni mdogo, nikimwambia hayatakaa kichwani. Nataka niyaseme kwenye kamera, kwa lugha yetu, ayakute akikua. Mengine hata baba yake asiyasikie."

"Tutayachukua yote," Hortense akamwambia.

"Na nataka nione filamu yenyewe kabla sijaingia kwenye kisu. Nione imekaa vizuri. Utaniahidi?"

Hortense akamshika mkono. "Nakuahidi, Mama Lamwaka."

Walirekodi nyumbani kwa Filda, katika chumba chake cha kambini, saa za mchana mtoto akiwa shule na mumewe akiwa zamu. Filda alikaa kwenye kiti cha mbao, akatazama kamera kama anayemtazama mtu, akaongea. Hortense hakuelewa neno hata moja. Alijua tu pale anapocheka, pale anapokemea, pale sauti inapokatika na inabidi angoje. Siku moja Filda aliimba, akipiga goti lake kwa kiganja. Siku nyingine aliongea kwa kunong'ona, akiinamia kamera, na Hortense akageuza uso ukutani kana kwamba amemfumania akivua nguo.

Hortense alirudi Mengo na kadi ya kamera imejaa, na hapo ndipo tatizo lilipoanza. Kompyuta yao ilikuwa ya mtumba. Video ndefu kama zile ilizibeba kama punda mgonjwa: ukisogeza picha, unasubiri, ukikata kipande, unasubiri zaidi, mara inaganda kabisa na kazi ya asubuhi nzima inapotea. Siku ya upasuaji ilikuwa inakaribia.

"Dady, huyu mama hatakuja kuona kitu," Hortense akamwambia. "Fanya maarifa. Wewe si unasema unaijua hiyo mashine?"

Dady hakungoja kuambiwa mara ya pili. Alikuwa mtu mzima mwenye ndevu, lakini jambo la kompyuta lilimfanya macho yang'ae kama ya mtoto. Aliizima mashine, akaiwasha tena akibonyeza kitufe, ukaja ule ukurasa wa mipangilio unaotokea kabla kompyuta haijaamka vizuri.

"Tazama, yaya. Hizi memori zinakimbia chini ya nguvu zake," akasema. Yaya ndivyo alivyomwita dada yake mkubwa, kama kwao. "Memori ukiiomba kitu haikupi papo hapo. Inasubiri mapigo kadhaa, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kukujibu. Waliotengeneza waliipa pumzi nyingi ili wasilaumiwe. Mimi naipunguzia kusubiri, naiongezea mwendo."

"Na itakubali?"

"Ukiinyima pumzi lazima uiongezee chakula. Naipandisha volti kidogo."

"Volti zikizidi?"

"Inachemka."

"Ikichemka?"

"Itakosea. Lakini ikikosea tutaona, yaya. Mashine itazima yenyewe, au italeta skrini ya buluu. Haifichi."

Alibadilisha tarakimu, akahifadhi, akawasha. Mashine ikagoma kuamka. Akaongeza volti, akawasha tena, ikaamka. Kisha akawasha programu ya kupima, ile inayoandika vitu kwenye memori na kuvisoma tena kuona kama vimebaki vilevile. Ilikuwa asubuhi ya mvua na chumba kilikuwa na baridi. Mzunguko wa kwanza ukaisha bila kosa.

"Inafaa iachwe izunguke mpaka kesho," Dady akasema, akijikuna shingo.

"Mpaka kesho? Na kazi ya Filda nani ataifanya?"

Dady akaitazama skrini, akamtazama dada yake, akaifunga programu.

Na kweli, mashine ilikuwa imegeuka. Video zilizokuwa zikijikokota sasa ziliteleza. Dady alipiga mluzi. Alianza kuzimimina rekodi zote za Filda kutoka kwenye kadi hadi kwenye diski ya kompyuta, na kutoka pale akatoa nakala ya pili kwenye diski ya pembeni, kwa usalama. Hortense akafungua faili la kwanza, akamwona Filda akirekebisha kitambaa chake na kuanza kusema, picha safi, sauti safi. Akaridhika.

Mvua ikaisha rekodi nyingi zikiwa bado zinanakiliwa. Jua la Kampala likarudi juu ya bati, na mchana chumba kile kikawa kama jiko. Mashine iliendelea kufanya kazi kwa kasi ileile. Haikuzima. Haikuleta skrini ya buluu.

Jumamosi walikuwa na harusi Kibuli. Bi harusi, Sumayiya, alikuwa wa familia kubwa, watu walijaa kuanzia msikitini mpaka kwenye mahema, na Hortense alihitaji kila kadi aliyokuwa nayo. Aliichukua ile ya Filda, akakumbuka kwamba nakala ziko mbili, akaifuta. Alipiga picha siku nzima mpaka kadi ikajaa hadi ukingoni.

Jumapili, wakati Hortense anatoka kanisani, Okot akapiga simu. Kitanda kilikuwa kimepatikana hospitali kabla ya siku iliyopangwa, na madaktari walitaka kumpasua Filda kesho yake asubuhi.

"Anauliza filamu yake," Okot akasema.

"Mwambie naileta leo jioni, Afande."

Alipofika studio, Dady alikuwa amekaa mbele ya mashine bila kugusa kitu. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Yaya," akasema. "Njoo utazame."

Alikuwa ameanza kuunganisha sehemu za katikati. Kwenye skrini Filda alifungua mdomo, na kidevu chake kikavunjika vipande vya kijani na zambarau vilivyoshuka hadi chini ya picha. Sauti ikalia kama bati linalokwanguliwa, ikanyamaza. Dady akasogeza mbele. Uso ulikuwa umeganda, jicho moja mahali pa shavu. Akafungua faili lingine, likakataa kabisa. La siku ya wimbo likaonyesha kiganja kikielekea gotini, kisha weusi.

"Weka ile nakala nyingine," Hortense akasema.

"Ni hivyohivyo. Niliitoa hukuhuku. Yote yamepita kwenye memori ileile." Dady alishika kichwa. "Ilikuwa inakosea tangu jua liliporudi. Kimyakimya. Kila ilichopokea ilikirudisha kimegeuzwa kidogo, na haikusema."

"Ulisema haifichi."

"Nilisema hivyo, ndiyo."

Alirudisha mipangilio kama ilivyotoka kiwandani, polepole, tarakimu moja baada ya nyingine, na sasa akaliacha lile jaribio lizunguke mara kadhaa. Hakukuwa na kosa hata moja. Mashine ilikuwa nzima. Kilichoandikwa kwenye diski ndicho kilichokuwa kimeharibika. Akajaribu programu ya kufukua vitu vilivyofutwa kwenye kadi, na programu ikaleta harusi ya Sumayiya, wajomba wakila biriani, watoto na puto, na chini yake hapakuwa na Filda.

Hortense alitoka nje, akakaa kwenye ngazi. Watu walipita na viatu vyao vya Jumapili. Alitaka kumchukia Dady akashindwa, maana kila alipofika kwenye jina la Dady alijikuta yeye mwenyewe amesimama mbele yake: yeye aliyesema fanya maarifa, yeye aliyekataa jaribio, yeye aliyefuta kadi. Sauti ya Filda ilikuwa bado ipo siku ile. Kama angekwenda jioni ile na kamera, akasema mama, tumeharibu, sema tena hata kidogo, Filda angesema. Hortense aliyajua hayo akiwa amekaa pale ngazini. Akaona aibu kubwa kuliko kifua chake. Akajiambia Dady huenda akafukua kitu usiku. Akampigia Okot, akasema umeme umekatika Mengo, filamu ataiona akishatoka kwenye upasuaji.

Okot akasema sawa.

Dady hakufukua kitu.

Ilipita wiki na zaidi ndipo Filda aliporuhusiwa kuonwa na wageni. Hortense alimkuta amelazwa karibu na dirisha, shingo imefungwa bendeji nene, na mrija mdogo umetokeza pale chini ya koo. Pumzi yake ilipita hapo kwa mlio kama wa mtu anayepuliza kikombe cha chai. Alikuwa amekonda. Lakini macho yake yalimtambua Hortense mara moja, akatabasamu, akanyoosha mkono kwenye meza ya kitanda, akachukua kalamu na karatasi alizokuwa akiandikia manesi. Akaandika neno moja, akaligeuza ili Hortense asome.

*Filamu?*

Hortense alikuwa amefanya mazoezi ya kusema kweli njia nzima, juu ya boda boda, midomo ikicheza. Alipoliona lile neno, yakamtoka mengine.

"Iko tayari, Mama Lamwaka," akasema. "Imetoka nzuri sana."

Filda akapiga kifua chake kwa kidole, akaelekeza machoni pake. Nione.

Hortense akatoa simu. Alikuwa amehifadhi humo ile sehemu ya mwanzo, dakika chache zilizosalimika kabla chumba hakijapata joto. Akaishika mbele ya uso wa Filda. Filda wa kwenye simu alirekebisha kitambaa akaanza kusema, na Filda wa kitandani akajitazama akisema, midomo yake ikifuata maneno bila sauti. Machozi yakamtiririka mpaka kwenye bendeji. Kabla kipande hakijafika mwisho Hortense akaizima.

"Usijichoshe. Nyingine utaona ukipata nguvu."

Filda akamshika kiganja, akakibana kwa muda mrefu. Kisha akafumba macho kama mtu aliyetua mzigo.

Aliishi wiki chache baada ya hapo. Ugonjwa ulikuwa umeshashuka kifuani. Okot alisimulia baadaye kwamba siku zile alikuwa mtulivu, akishinda anamsuka Lamwaka nywele, na kwamba alipoulizwa kama kuna jambo anataka kumwachia mtoto, alitikisa kichwa na kuandika kwamba kila kitu kiko kwa Hortense. Wakamsafirisha kaskazini, wakamzika kwao.

Okot alikuja studio baada ya matanga. Alikuwa na sare, kofia mkononi, mtu mpana mwenye sauti ndogo. Dady alipomwona akasimama. Siku zile zote Dady alikuwa akishona vipande vilivyobaki, neno hapa, tabasamu pale, na asubuhi hiyohiyo alikuwa amemwambia Hortense, "Tumpe hivi, yaya. Tuweke muziki chini. Mtoto hajui palikuwa na nini. Nani atajua?"

"Mimi," Hortense alikuwa amemjibu.

Sasa akamvutia Okot kiti. Hakukaa. Basi Hortense akamwambia akiwa amesimama: mashine ilivyoharakishwa, joto, nakala, kadi, harusi. Akamwambia pia lini alijua.

Okot alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kwa utaratibu, kama anayechukua maelezo kituoni.

"Siku uliyosema umeme umekatika, ulikuwa unajua?"

"Nilijua, Afande."

"Na kule hospitali, ulipomwonyesha simu?"

"Nilijua."

"Alikuwa na kalamu mkononi," Okot akasema.

Hortense hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa.

"Wiki zote zile mkono wake ulikuwa mzima," Okot akaendelea. "Aliandika kuomba uji. Aliandika kunikumbusha nilipe boda wa mtoto. Ungesema kweli angeyaandika yote. Angejaza karatasi mpaka za chini ya godoro. Nilimuuliza, akasema yako kwako." Aliigeuza kofia mkononi. "Mashine nakuachia. Mashine ni chuma. Lakini wewe ulimnyang'anya mara ya pili, dada. Hiyo hukuifanyia kwenye kompyuta."

Dady akaanza kusema kitu, "Afande, kosa ni langu, mimi ndiye—" Okot akainua kiganja.

"Nipe kilichobaki."

Hortense akampa diski. Okot akaitia mfukoni.

"Lamwaka anajua kuna filamu. Mama yake alimwambia. Mimi sitakwenda kumwambia haipo. Utakuja wewe."

Alikwenda Jumapili iliyofuata, peke yake. Okot alimfungulia mlango, akamwonyesha kiti kilekile cha mbao, akatoka akasimama uani na mgongo wake mlangoni. Lamwaka alikaa kitandani, miguu haifiki chini, nywele zimenyolewa kwa ajili ya msiba. Hortense alisema alichokuja kusema kwa maneno madogo. Mtoto hakulia. Alikuwa na macho ya mama yake, na alimkazia.

"Yote imeharibika?"

"Karibu yote, mama."

"Lakini wewe ulikuwepo. Ulisikia."

"Nilisikia. Sikuelewa. Sijui Kiacholi."

Lamwaka akafikiri. "Hata neno moja hukushika?"

Hortense akafumba macho. Lilikuwepo moja. Filda alilisema mara nyingi mchana ule wa mwisho wa kurekodi, kila mara kwa sauti tofauti kidogo, na lilimbaki sikioni kama wimbo wa jirani.

"*Miya pii*," akasema kwa woga. "Alirudiarudia. *Miya pii*."

Pale uani mgongo wa Okot ukatikisika.

"Ni maji," Lamwaka akasema. "Nipe maji."

Hortense akageukia mlangoni. Akauona mchana ule: midomo ya Filda imekauka, mtungi umesimama pembeni ya mlango, na yeye yuko nyuma ya kamera, anaitikia kwa kichwa kumtia moyo aendelee. Alikuwa anaomba? Kwa nini asiombe kwa Kiswahili? Au alikuwa amechoka kiasi cha kurudi kwenye lugha ya mama yake?

"Sikumpa," akasema. "Sikujua."

"Labda alikuwa hataki maji." Lamwaka aliinua uso. "Labda ni hadithi. Iko moja alikuwa ananiambia, ya bibi mwenye vidonda. Anakaa njiani. Wasichana wanatoka kisimani na mitungi, anamwambia wa kwanza, nipe maji. Anakataa. Anamwambia wa pili, nipe maji. Anakataa, anaziba pua. Halafu anakuja wa tatu, na huyo mtungi wake umepasuka, maji yamebaki kidogo tu." Alionyesha kwa vidole kiasi kilichobaki. "Bibi anamwambia, nipe maji."

Paji lake la uso likajikunja.

"Anampa?" Hortense akauliza.

Lamwaka alingoja, akitazama sakafu, midomo ikitafuta. Mlangoni Okot alikuwa amegeuka, naye anangoja.

"Nilikuwa nalala kabla haijaisha," mtoto akasema mwishowe. "Baba, wewe unaijua?"

Okot akatikisa kichwa kwamba haijui.